Imani Pia Hungoja Maji Yapungue



Majilio yamefika, vyuo vinafungwa, tunarudi nyumbani. Wale ambao kwenu ni Turkana, safari mnaijua. Unatoka Kitale, unapita Kapenguria, unateremka hadi Kainuk, mvua inapiga kioo mpaka waipa zinalemewa. Ukishaingia jangwani jua linawaka, unasema, sasa tumefika. Kumbe bado! Mbele kuna laga. Asubuhi ilikuwa mchanga mtupu, sasa ni mto wa matope unaobeba magogo, kwa sababu mvua ya mbali milimani imeteremka huku ambako hakuna hata wingu.

Hapo ndipo mahubiri huanza ndani ya gari. "Dereva, kanyaga, Mungu yupo!" Ni kweli Mungu yupo. Lakini je, hiyo ni imani?

Tufungue 1 Wafalme 18. Nchi imekauka kwa ukame mrefu. Nabii Eliya anasali juu ya mlima Karmeli, na mtumishi wake anatumwa mara saba kutazama upande wa bahari. Mara ya saba anaona kawingu kadogo kama mkono wa mtu. Sasa sikiliza vizuri. Eliya hamwambii mfalme Ahabu asiwe na wasiwasi kwa kuwa mvua imetoka kwa Bwana. Anamwagiza atayarishe gari lake ateremke upesi, mvua isije ikamzuia njiani. Yaani aliyeiomba mvua ndiye huyo huyo anayeiheshimu.

Tena kumbuka Mathayo 4. Shetani anamtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, eti malaika watamdaka. Anatumia hata Maandiko! Yesu anakataa, maana huko ni kumjaribu Mungu. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba busara huongoza fadhila nyingine za kimaadili, ujasiri ukiwemo. Ukiitoa busara, kinachobaki ni kujionyesha tu.

Haya si mambo ya darasani. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya Wakatoliki wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, Mwingi. Zaidi ya watu 30 walifariki. Hatumhukumu yeyote, tunawaombea. Ila tujue kwamba maji yenye kina cha sentimita 60 tu yakienda kasi yanaweza kubeba magari mengi.

Basi ukiwa abiria, usimsukume dereva. Ukiwa dereva, kubali kuitwa mwoga. Mpigie mama simu, mwambie utachelewa, pengine utalala njiani. Ataelewa. Maji hayo yanayokuzuia ndiyo aliyokuwa akiyaomba miezi yote kwa ajili ya mbuzi wake. Wewe unayaona kizuizi, yeye anayaona majani. Zimeni injini, mshuke, mgawane chakula kilichopo, msali rozari. Majilio ni wakati wa kungoja, na mara nyingine tunangojea pale pale ukingoni, na viatu vyenye matope.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, utupe moyo wa kungoja. Uwalinde wote walio barabarani wakati huu wa mvua, uwapumzishe kwa amani waliochukuliwa na maji, na utufikishe nyumbani salama kwa wanaotungoja. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.