Sherehe Zinazotengenezwa Nyumbani

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 12:24-27, Yos. 4:1-9, 1 Sam. 2:18-20, Mk. 6:21-28, Law. 23:39-43, Neh. 8:13-18.

Fungu la Kukariri: Yoshua 4:6, 7. Lisome katika Biblia yako, kisha ukae na watoto wako mliandike kwa mkono kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Watoto wangu walipokuwa wadogo, niliisimamia Sabato nyumbani kwa neno moja: “Acha.” Acha mpira. Acha kelele. Acha redio. Ijumaa moja jioni mwanangu wa miaka mitano aliniuliza, “Baba, Sabato inaisha saa ngapi?” Jua lilikuwa bado halijazama ziwani. Sabato ilikuwa haijaanza.

Swali lile lilinichoma. Nilikuwa nimesoma theolojia, nilikuwa nafundisha walimu wa Shule ya Sabato, na mtoto wa nyumba yangu mwenyewe alikuwa anaingoja siku ya Bwana ipite, kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ikatike.

Biblia inataja swali jingine la mtoto. Linarudi mara kadhaa katika safari ya Israeli: jambo hili mnalofanya lina maana gani? Mungu alipanga maisha ya nyumbani kwa namna ambayo mtoto angeona, angegusa, angeonja, na mwisho angeuliza. Juma hili tutajifunza jinsi sherehe ndogo na kazi za mikono zinavyoweza kuliamsha swali hilo nyumbani mwetu.

JUMAPILI: Ibada Iliyoanzia Jikoni

Soma Kutoka 12:24-27. Mtoto ndiye anayeanzisha mazungumzo haya. Ni nini kilichomfanya aulize?

Pasaka ya kwanza haikufanyika hekaluni, maana hekalu halikuwapo. Ilifanyika nyumba kwa nyumba. Mwana-kondoo alichomwa kwa moto, mboga chungu zikaliwa, damu ikapakwa miimoni kwa kitawi cha hisopo. Mtoto alinusa moshi, akaona mlango umebadilika, akaonja uchungu wa mboga. Vizazi vya baadaye vilipewa desturi hiyo hiyo, na Mungu akatabiri kwamba watoto wangeuliza. Mzazi aliambiwa awe na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa habari ya wokovu: Bwana alizipita nyumba zetu.

Hapo tunapata kipimo cha kila sherehe ya nyumbani. Mtoto akiona tunachofanya, je, kitamfanya aulize habari za Mungu? Na akiuliza, je, sisi wazazi tuna jibu tulilolipitia wenyewe?

Katika mambo unayofanya nyumbani Ijumaa jioni, ni lipi ambalo mtoto wa miaka minne anaweza kuliona, kuligusa au kulionja?

JUMATATU: Mawe ya Mwanza, Mawe ya Yordani

Soma Yoshua 4:1-9. Mawe yalitolewa wapi, na kwa nini mahali hapo ni muhimu?

Watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, walibeba mawe mabegani kutoka katikati ya Yordani, mahali ambapo jana yake hakuna mtu angeweza kusimama. Yalikuwa mawe ya kawaida. Thamani yake ilitokana na habari iliyoambatana nayo.

Sisi wa Mwanza hatuna upungufu wa mawe. Nyumba zetu nyingi zimejengwa juu yake na katikati yake. Jaribuni jambo hili: kila Mungu anapoitendea familia jambo la pekee, mtoto aokote jiwe dogo, alioshe, na kwa msaada wa mzazi aandike tarehe na neno moja kwa rangi: “homa,” “mvua,” “ada,” “baba amerudi.” Mawe yakae kwenye karai au kikapu karibu na mlango. Mara moja kwa mwezi, kabla ya kufungua Sabato, mtoto achague jiwe moja na mzazi asimulie.

Lakini tuwe wakweli. Watu wa ziwa hili wanaikumbuka Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama, na Septemba 20, 2018, siku MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara. Mamia walipotea. Katika darasa lako anaweza kuwapo mtu ambaye jiwe lake lingeandikwa “baba hakurudi.” Tumwambie nini mtoto wa nyumba hiyo?

Fungu la 9 lina jambo ambalo tunalipita haraka. Yoshua alisimamisha pia mawe kumi na mawili ndani ya Yordani, mahali miguu ya makuhani waliobeba sanduku iliposimama. Maji yalirudi yakayafunika. Biblia haielezi sababu. Tunachojua ni kwamba sanduku la agano lilisimama hapo penye kina. Familia iliyofiwa inaweza kuokota jiwe lake pia, na kusema mbele ya watoto bila kuficha machozi: Bwana alikuwapo hata pale ambapo sisi hatuoni.

JUMANNE: Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

Soma 1 Samweli 2:18-20. Hana alimpelekea Samweli nini, na mara ngapi?

Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo, akampelekea kila mwaka alipopanda kwenda kutoa dhabihu. Mtoto hakuwa mbele yake wakati wa kupima. Ilimbidi akumbuke kimo chake cha mwaka jana, akisie amekua kiasi gani, aongeze kidogo. Fikiria sala alizozisema akiwa na kitambaa kile magotini.

Wako baba zetu walio kambini visiwani kwa majuma mengi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika. Basi mbalamwezi kwa watoto wengi wa mialo yetu ni habari njema: baba yuko njiani. Ndugu yangu mvuvi, huhitaji kupitia dukani. Kipande cha ubao na uzi wa wavu uliochakaa vinatosha kutengeneza mtumbwi mdogo. Mtoto atakapoushika atajua kwamba hata ulipokuwa mbali, mikono yako ilikuwa inamkumbuka. Na mama mwambie mapema, ili mtoto naye awe na kitu cha kukupokea: picha aliyoichora, au sahani ya matobolwa na karanga alizosaidia kupanga. Kisha mshukuru pamoja. Hiyo ni sherehe kamili.

JUMATANO: Karamu ya Herode

Soma Marko 6:21-28. Karamu hii iliandaliwa kwa ajili ya akina nani? Ni nini kilichomfanya Herode ashindwe kurudi nyuma?

Baadhi ya washiriki husema Mkristo asiadhimishe siku ya kuzaliwa, kwa kuwa karamu ya Farao na karamu ya Herode zote zilileta kifo. Hoja hiyo tuichukue kwa uzito, kisha tuangalie kifo kile kilitoka wapi. Herode aliwaalika wakubwa. Binti alitumiwa kuwafurahisha. Ahadi kubwa ikatamkwa mbele yao, na mfalme, ingawa alihuzunika, aliona haya mbele ya wageni wake. Macho ya watu ndiyo yaliyomfunga.

Macho hayo bado yapo. Mtoto anamaliza chekechea, au anatimiza mwaka mmoja, na nyumba isiyo na akiba inatafuta keki ya ghorofa, mapambo, mpiga picha na sare. Michango isipotosha, mama anakwenda kuchukua mkopo ule ambao mitaani tunauita kausha damu. Sherehe inaisha kwa saa tatu. Marejesho yanaendelea kwa miezi, wakati mwingine mpaka kitanda na televisheni vinabebwa mbele ya yule yule mtoto aliyesherehekewa. Mtoto mdogo hakuomba keki ya ghorofa. Wageni ndio tuliokuwa tunawaogopa.

Kumshukuru Mungu kwa mwaka wa mtoto ni jambo jema. Hana alimwimbia Bwana kwa sababu ya mtoto. Familia inaweza kufanya hivi: kupima kimo cha mtoto kwa alama ya mkaa kwenye mwimo wa mlango, kupika chakula anachokipenda, kila mtu kutaja jambo moja analomshukuru Mungu kwa ajili yake, na mtoto mwenyewe kumpelekea jirani mwenye uhitaji sahani ya chakula.

Ni mara ngapi umegharamia jambo la mtoto kwa sababu ya macho ya watu? Ungefanya nini tofauti leo?

ALHAMISI: Vibanda na Kikapu cha Sabato

Soma Walawi 23:39-43 na Nehemia 8:13-18. Furaha ya watu ililetwa na nini?

Watu walitoka kwenda mlimani, wakakata matawi ya mizeituni, mihadasi na mitende, wakajenga vibanda juu ya dari zao na nyuani mwao. Tangu siku za Yoshua haikuwa imefanyika hivyo, na furaha ikawa kubwa sana. Ni rahisi kuwaona watoto wakiburuta matawi. Walichojenga kilinyauka baada ya siku chache, lakini walilala ndani ya habari za baba zao.

Familia inaweza kuwa na kikapu cha Sabato, chenye vitu vinavyotolewa siku hiyo tu: safina ya boksi, wanyama wa udongo waliokaushwa juani, kisafina cha Musa kilichosukwa kwa mafunjo. Mafunjo yakatwe na mtu mzima, maana ukingoni mwa ziwa kuna mamba na kichocho. Kazi hiyo ifanyike siku za juma, imalizike Ijumaa, ambayo ni siku ya maandalio. Sabato inapoingia, mikono inapumzika na simulizi zinaanza. Mtoto aliyemfinyanga simba Jumanne atakuwa na hamu ya kusikia habari za Danieli Sabato mchana.

Sisi tulichelewa kuanza. Tulipoanza, mwanangu alitengeneza mtumbwi wa Petro kwa ganda la mgomba. Ijumaa iliyofuata alisimama mlangoni akitazama ziwa, akaniuliza, “Baba, jua linazama saa ngapi?”

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4-9 na Zaburi 78:1-8, ukitazama nani anawajibika kusimulia, wapi, na wakati gani.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, watoto wa kanisa lenu wakiulizwa Sabato ni nini, watataja kwanza yanayokatazwa au aliyoyatenda Mungu? Tunawezaje kujua?

2. Darasa lenu linaweza kufanya nini kwa watoto ambao mzazi amefariki au yuko mbali, ili nao wawe na mtu wa kuwasimulia?

3. Mshiriki anataka kukopa ili amfanyie mtoto sherehe kama ya wenzake. Utamshaurije bila kumwaibisha? Kanisa lenyewe linachangiaje mashindano hayo?

4. Kabla ya Sabato ijayo, tengeneza kitu kimoja pamoja na mtoto, wako au wa jirani. Njoo ulieleze darasa aliuliza swali gani, na ulimjibu nini.