Mali ya Kaunti ni Amana Shingoni Mwetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu wako watu wengi wasiothubutu kula nyama wasiyomjua aliyeichinja. Hilo ni jema. Lakini mtu huyo huyo akiambiwa kuwa fulani amejenga ghorofa kwa mali ya kaunti, hucheka akasema: "Kapata, naye ale." Neno hili limekuwa jepesi vinywani mwetu, nalo ni zito mno mbele ya Mungu.

Hiyo mali ya kaunti ni mali ya nani? Tangu mwaka 2013, kwa Katiba ya mwaka 2010, Kenya ina kaunti 47, na sita kati yake ziko huku kwetu Pwani. Katiba yalazimu kaunti zote kwa jumla zipewe sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya serikali ya taifa. Juu yake huongezwa kodi za ardhi, leseni za maduka, ushuru wa masoko na ada za kuegesha magari. Basi mchuuzi alipaye ushuru wake sokoni, na mjane anunuaye sabuni ambayo kodi imo ndani ya bei yake, wote wametia fungu lao. Na kazi ya mali hiyo ni zahanati na hospitali za kaunti, barabara za mitaa, maji, uzoaji wa taka, masoko, na shule za watoto wadogo. Aichotaye huwa amemnyang'anya mgonjwa ambaye kesho ataambiwa: "Dawa hapana, kanunue nje."

Mwenyezi Mungu ametuonya katika Surat Aali Imran, aya ya 161, ya kwamba mwenye kufanya khiyana katika ngawira atakuja Siku ya Kiyama na kile alichokificha. Ngawira kabla ya kugawanywa ni mali ya wote. Zilipokwisha siku za Khaybar, mtumishi mmoja wa Mtume (s.a.w.) alipigwa mshale akafa. Watu wakasema: amefuzu kwa kufa shahidi. Bwana Mtume akakataa, akaapa kuwa nguo aliyoitwaa katika ngawira kabla ya mgao yamwakia moto. Aliposikia hayo, mtu mmoja akaleta kigwe cha kiatu, naye akaambiwa kuwa hicho pia ni cha moto. Ikiwa kigwe cha kiatu ni hivyo, itakuwaje zahanati nzima?

Tena Mtume alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akaligawanya alilokuja nalo: hili lenu, na hili nimepewa zawadi mimi. Bwana Mtume akapanda mimbari akauliza: kwa nini mtu huyu asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hizo zitamfuata? Kwa swali hilo mlango wa "chai" na "asante" umefungwa.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni ya dola ya Kiislamu. Serikali hii si ya dini, na mali yake si Bait-ul-Mal." Twamjibu: amana haihalalishwi kwa dini ya mwenyewe. Makureshi walikula njama wamwue Mtume, na mali zao za amana zilikuwa nyumbani kwake. Alipohama Makka hakuzichukua, bali alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa mali ya adui ilirudishwa usiku wa kuuawa, ni hoja gani iliyobaki ya kula mali ya jirani zetu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu?

Na si wizi peke yake. Surat Al-Israa imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yataka isipungue asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itumike kwa maendeleo, na kanuni za mwaka 2015 zataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Basi safari zisizo na haja, mikutano ya mahotelini, na majengo yaanzwayo yakaachwa kuota nyasi, ni ubadhirifu hata kama kila karatasi ina sahihi.

Sasa tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Sisi wa darasa hii tuliletewa habari kuwa mkubwa mmoja, ambaye hatumtaji, ataka kuutandikia msikiti mazulia mapya. Wengi tulifurahi. Mzee mmoja akauliza neno moja tu: "Yatoka mfukoni mwake, au mwetu?" Tukapeleka swali lile, na jawabu halikuja. Tukayakataa mazulia. Wako waliokasirika, na mpaka leo twasali juu ya majamvi yetu. Lakini twakiri kuwa lau mzee yule asingeuliza, tungeyapokea na kumwombea dua mwenye kuyaleta.

Hivyo ndivyo tuwalishavyo viongozi wetu haramu: twawadai michango ya arusi, kazi za watoto wetu, na bahasha za siku za kura, kisha twawalaani kwa kuiba.

Lipi litupasalo? Makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kabla ya kwisha tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katiba yaamuru wananchi washirikishwe. Basi twendeni katika mikutano hiyo, wake kwa waume, tuulize zahanati yetu imetengewa nini. Tusome taarifa za Mdhibiti wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Sheria ya mwaka 2016 imetupa haki ya kuomba habari, na Katiba yasema mkubwa aliyeidhinisha fedha kinyume cha sheria atalipa hasara, hata akiwa ametoka kazini. Lakini tusimsingizie mtu kwa dhana, maana kusingizia nako ni dhambi. Tusome kwanza, kisha tuseme.

Na wewe uliye katika kazi hiyo, mwana wetu, kumbuka Sayyidna Abubakar. Alipofikiwa na mauti aliusia kuwa kilichobaki kwake katika mali ya Waislamu kirudishwe. Nawe rudisha ungali hai.

Mwenyezi Mungu atutakasie chumo letu na azitie nuru nyoyo za wanaotutawala. Amin.