Mizani ya Kodi

Je, msomaji, ni haki watu wote watozwe kodi sawa? Ulimi mwepesi hujibu ndiyo, kwa kuwa usawa na haki hudhaniwa kuwa kitu kimoja. Lakini tazama yaliyopita pwani yetu.

Mwaka 1901 serikali ya Waingereza iliwatoza Waafrika kodi ya nyumba, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa. Mdigo wa Msambweni alikuwa na minazi, muhogo na bahari. Aliweza kula bila ya kuajiriwa. Kodi ilipomdai fedha asizokuwa nazo, ilimpasa kuuza siku zake kwa wenye mashamba makubwa. Walowezi hawakuficha kuwa hilo ndilo walilolitaka. Kiwango kilikuwa kimoja kwa kila nyumba: mwenye minazi mingi alilipa asione uzito, na fukara akalipa kwa jasho la siku nyingi.

Kodi yenyewe si uovu. Hospitali ya Msambweni huendeshwa kwayo, na barabara hujengwa kwayo. Swali ni namna ya kuigawa. Kodi ya mapato hupanda kwa ngazi. Kwa hesabu ya sheria ya mwaka 2023, mhudumu wa hoteli ya Diani aliyepata shilingi 24,000 kwa mwezi hakulipa kodi hiyo, baada ya kupewa nafuu yake ya shilingi 2,400. Mkubwa aliyepata zaidi ya shilingi 800,000 alitozwa 35 katika kila 100 zilizozidi hapo, ambapo kabla yake zilitozwa 30. Hata hivyo, wawili hao wanunuapo sabuni dukani, kodi iliyomo ndani ya bei ni moja.

Wengine husema kuwa mwenye bidii akikatwa sana atalegea. Neno hili lina ukweli ndani yake, na mtunga sheria asilidharau. Lakini fikiri ni nani awezaye kulegea. Aliyeshiba akitozwa, aweza kupunguza kazi. Mwenye njaa akitozwa, hana budi kuiongeza. Kodi ile ile humpumzisha mmoja na kumchosha mwingine.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi, kijana, ukipewa siku moja kalamu ya kutunga sheria, usiulize tu kimechukuliwa kiasi gani. Uliza kimebaki nini mkononi mwa aliyetoa, na kama chatosha kumwezesha kuikataa kazi inayomdhalilisha.