Mama Amepimwa, Baba Je?



Mathayo anatupa habari fupi sana ya Yosefu. Mchumba wake ameonekana ana mimba, naye hajui imetoka wapi. Angeweza kumsimamisha mbele ya watu. Lakini alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumwaibisha. Angalieni vizuri: kabla malaika hajasema naye lolote, tayari alikuwa ameamua kumkinga. Shikeni habari hiyo tunapozungumza juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi bado husemwa kwa kunong'ona, yaani mama mja mzito mwenye virusi vya Ukimwi.

Tuchukue mfano. Mama wa Tezo, mimba yake ya miezi minne, anakwenda kliniki. Anapimwa damu kama kina mama wengine, anaambiwa ana virusi, anapewa vidonge anywe kila siku. Njiani akirudi, anachokiogopa si kifo. Anamwogopa mume: atasema ugonjwa nimeuleta mimi. Basi anavitoa vidonge kwenye chupa visije vikasikika vikigongana, anavifunga kitambaani na kuvificha ndani ya unga. Siku mama mkwe akishinda jikoni, hanywi. Siku baba hakwenda kazini, hanywi. Anayelipa siku hizo ni yule aliye tumboni.

Maana mtoto hupata virusi kwa njia tatu: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na katika kunyonya. Pasipo dawa, kati ya watoto 100 wa kina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Na mtoto aliyeambukizwa asipotibiwa, nusu ya wenzake wa namna hiyo hawafikishi miaka miwili. Mama akinywa dawa sawasawa, wanaoambukizwa hawafiki 5 katika 100. Wazee wetu wa ndoa wanakumbuka miaka ambayo hapakuwa na la kufanya ila kuomba. Mwaka 1999 watafiti wa Kampala walionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama mwenye uchungu, na matone kwa mtoto, vilipunguza maambukizi karibu kwa nusu kuliko dawa waliyoilinganisha nayo. Leo mama hutibiwa maisha yake yote, na mtoto hupewa dawa yake ya maji tangu azaliwe.

Juu ya kunyonyesha, bibi zetu watanisamehe. Mama anayetumia dawa anyonyeshe, na kwa miezi 6 ya kwanza ampe mtoto maziwa yake matupu pamoja na dawa za kliniki. Kijiko cha maji kwa sababu ya joto la pwani, uji mwepesi eti mtoto analia njaa, dawa za mizizi za kutuliza tumbo: hivyo vyote viache. Utafiti wa Durban, uliotolewa mwaka huo huo wa 1999, ulionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa vyakula waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu. Lakini mama atamkatalia vipi mama mkwe bila kutoa sababu? Hapo ndipo mume anapohitajika kusema na mama yake mzazi.

Sasa nageukia kwa baba. Wako wanaume wanaouliza majibu ya mke, wakisikia ni mazuri wanajihesabu nao wamepimwa. Sivyo. Wako wana ndoa wengi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, hata baada ya miaka. Majibu ya mkeo ni ya mkeo.

Na liko jambo zito kuliko hilo. Mama alipimwa mwanzoni mwa mimba, akaonekana mzima. Baba akaenda kazi Mombasa, akakaa miezi, huko akateleza, akarudi nyumbani na zawadi. Virusi vinapoingia mwilini upya huongezeka upesi mno katika damu, na wiki hizo za kwanza ndizo za hatari kubwa kwa mtoto. Mama hajui, hana dawa, anaendelea kunyonyesha kwa amani. Hivyo baba aweza kumwambukiza mwanawe hata kabla hajampakata. Ndiyo sababu wauguzi hurudia kumpima mama mimba ikikua, na tena anaponyonyesha. Si kwamba wanamshuku mkeo. Kama umeteleza, nenda kaungame, lakini nenda pia ukapimwe, na umwambie mkeo kabla hamjalala pamoja. Padre hawezi kukufanyia hayo mawili ya mwisho.

Mkigunduliwa, hamkukatazwa watoto. Wana ndoa wanaotumia dawa hata virusi visionekane katika kipimo hawaambukizani kitandani, na huzaa watoto wazima.

Mtoto hupimwa akiwa na wiki 6 kwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, kwa kuwa kipimo cha kawaida huweza kuonyesha kinga aliyorithi kwa mama. Hurudiwa, na jibu la mwisho hutolewa baada ya miezi 18, akiwa ameacha ziwa. Tarehe zimeandikwa katika kitabu cha kliniki. Baba, kiombe ukisome, na siku hiyo mpakate mtoto wewe mwenyewe kwenye matatu.