Jibu Sahihi Lisilo na Mwenyewe

Miezi ya mwisho kabla ya mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne, shule nyingi za Dodoma huingia kambini. Pasti pepa hutolewa, vipindi vya jioni huongezwa, na marudio ya somo la Kiingereza huchukua sura inayofanana kuanzia Kongwa hadi Bahi: insha kadhaa za kukariri, barua rasmi moja na ya kirafiki moja, aya zilizokwisha kuandaliwa kuhusu vitabu vya fasihi, na mbinu moja ya kujibu maswali ya ufahamu. Mbinu hiyo ni kutafuta ndani ya habari maneno yaliyo kwenye swali, kisha kunakili sentensi iliyoyabeba. Tuijaribu kwa maneno yasiyo na maana yoyote. Mtwesi aliyafolota mabungwi yake kwa sababu shemi lilikuwa limedwiga. Kwa nini Mtwesi aliyafolota mabungwi yake? Kwa sababu shemi lilikuwa limedwiga. Hatujui kama bungwi ni mnyama au mti, wala shemi likidwiga huwaje, na bado tumejibu sawasawa na tungepewa alama zote. Mtoto anayejibu hivi kwa Kiingereza amepata jibu sahihi. Ninachouliza ni kama jibu hilo ni lake, na swali hilo ni la dhamiri kabla halijawa la ufundi wa kufundisha.

Nalileta kwenye dhamiri kwa sababu kuandika ni kutoa ushahidi. Anayeweka sentensi karatasini chini ya jina lake, au namba yake ya mtihani, anasema: hivi ndivyo nilivyosoma, hivi ndivyo ninavyofikiri. Dini mbili zenye waumini wengi katika nyanda hizi zinalichukua jambo hili kwa uzito. Sura ya Al-Israa, aya ya 36, inamkataza mtu kufuata asilo na elimu nalo, na inaonya kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, anaona maneno matano ya kueleweka kanisani yana faida kuliko maelfu ya maneno ya lugha ambayo msikilizaji haielewi. Augustino, Mwafrika wa kaskazini, alilichimba suala hili mnamo mwaka 389 katika mazungumzo na mwanawe Adeodatus: neno peke yake halifundishi. Linaelekeza tu, na asiyekijua kile kinachoelekezwa hubaki na sauti. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi wetu wa mabungwi hajasoma. Sisemi kwamba amedanganya, maana mwongo huujua ukweli anaouficha. Huyu amezoezwa kitu kingine ambacho naona kina hatari zaidi: kutojali kabisa kama anachokiandika kina ukweli ndani yake.

Atatokea wa kunipinga kwa kusema kwamba kukariri kuna heshima yake, na atakuwa amesema kweli. Katika madrasa za Kondoa watoto huhifadhi Kurani kwa Kiarabu wasichokizungumza, na hakuna mwenye akili anayewadharau. Lakini hafidhi hadai kwamba maneno yale ni yake. Yeye ni mtunzaji wa amana, na thamani ya kazi yake ni kutobadilisha hata herufi. Isitoshe, Kurani hiyohiyo, katika sura ya 47, inawalaumu wasioizingatia, na ndiyo maana wanazuoni wakajenga elimu ya tafsiri juu ya hifdhi. Insha ya mtihani haina amana ya namna hiyo. Inamtaka mtoto aseme la kwake, naye anarudisha la mwalimu aliyeitunga kwa wanafunzi wa mwaka juzi. Ndiyo maana aliyekariri barua ya kuomba kazi, akikutana na swali la kumwalika mjomba harusini, huandika barua ya kuomba kazi kwa mjomba.

Pingamizi lenye nguvu kuliko hilo ni kwamba lugha yoyote huanza kwa kuiga. Hakuna mtoto aliyejifunza Kigogo kwa kanuni. Alisikia, akarudia, maana ikaja baadaye. Nakubali, na sina ugomvi na kuiga. Tofauti inaonekana pale mwigaji anapotakiwa kugeuza kitu. Mwambie abadilishe sentensi ya mbuzi iwe ya mama yake, ya jana iwe ya kesho. Akiweza, kuiga kumeanza kuzaa. Akikwama, ajue mwalimu kwamba hapakuwa na usomaji. Na kuna kipimo kikubwa zaidi, cha kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine. Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alithibitisha kwamba amemsoma Shakespeare kuliko ambavyo mtihani wowote ungeweza kuthibitisha. Huwezi kutafsiri shemi likidwiga. Ni Nyerere huyohuyo aliyelalamika, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, kwamba mitihani hupima uwezo wa kukusanya mambo na kuyatoa yanapodaiwa.

Linabaki la walimu, nalo si dogo. Mtoto wa Mvumi ameanza na Kigogo, wa Farkwa na Kisandawe. Wote wakasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na walipofika kidato cha kwanza Kiingereza kikawa lugha ya karibu kila somo. Darasa limejaa, vitabu havitoshi, matokeo yataamua nani aendelee. Katika hali hiyo, wanasema, kukariri ndiko kujiokoa. Simlaumu mtoto hata chembe. Lakini hoja hii inathibitisha kinyume cha kile inachokusudia: ikiwa tatizo ni kutoelewa lugha, dawa yake haiwezi kuwa kuzoea kutoielewa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Bristol na wenzao wengine katika mradi wa LSTT, wa ufundishaji na vitabu vinavyomsaidia mwanafunzi katika lugha, wakaandaa vitabu vya kidato cha kwanza vyenye Kiingereza chepesi, istilahi zikielezwa kwa Kiswahili, na wanafunzi wakipewa nafasi ya kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Njia ipo, na imejaribiwa na chuo kilichopo mkoani hapahapa.

Basi walimu wa kambi za mwaka huu, kabla ya kugawa insha nyingine ya kukariri, chukueni habari moja ya pasti pepa. Isomwe mara mbili, karatasi zifunikwe, mwanafunzi aisimulie kwa Kiswahili, na kama Kigogo ndicho kitamfungua kinywa, aisimulie kwa Kigogo. Kisha aandike sentensi tatu za Kiingereza, fupi, zenye makosa yake mwenyewe. Msahihisheni hizo. Swali la ufupisho linadai hasa kazi hiyo, na mtoto atakayeifanya kila siku kwa wiki sita ataingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na la kusema.