Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Tukishasema “Ni Kudra”, Imebaki Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Allah atutakabalie swaumu zetu na atusamehe pale tulipopunguza.

Leo tuzungumze juu ya neno ambalo sote tunalitumia msibani. Mtu akifariki kwa ajali, kabla hata kaburi halijachimbwa, utasikia: “Ni kudra ya Mwenyezi Mungu.” Na ni kweli. Kuamini kudra, heri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani, na bila hiyo imani ya mtu haijatimia. Lakini hebu tujiulize kwa unyenyekevu: tukishalisema neno hilo, je, tumemaliza haki ya marehemu juu yetu? Au kuna kitu bado tunadaiwa?

Jibu nitalitafuta kupitia watu ambao kazi yao ni kuingia pale wenzao wanapokimbia kutoka: wazimamoto. Nao huzika wenzao waliofia kazini, na wana namna yao ya kuwakumbuka ambayo ina funzo kwetu.

*Usiku wa ghala*

Tarehe 3 Desemba 1999, mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ilikuwa Ijumaa jioni. Moto uliwaka kwenye ghala kuukuu la kuhifadhia vyakula kwenye baridi, jengo la ghorofa sita lililokuwa limetelekezwa. Kuta ni za matofali, madirisha karibu hakuna, na kwa ndani zimefunikwa tabaka juu ya tabaka za vitu vya kuzuia joto. Vitu hivyo vikishika moto vinatoa moshi mweusi ambao huoni hata mkono wako mwenyewe.

Watu wawili wasio na makazi waliokuwa wakilala humo waliangusha mshumaa. Moto ukawashinda, wakaondoka bila kutoa taarifa. Wazimamoto walipofika wakaambiwa huenda kuna watu wasio na makazi bado wamo ndani. Wakaingia kuwatafuta.

Ndugu yangu, simama hapo kidogo. Waliokuwa wanatafutwa ni watu ambao wengi wetu tungepita karibu nao bila hata salamu. Wazimamoto wakaingia kwa ajili yao. Qur'ani inatufundisha katika Suratul Maida kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Aya haikuuliza nafsi hiyo ina nyumba au haina.

Wawili kati ya wazimamoto wale wakapotea kwenye moshi ghorofa za juu. Hewa ya kwenye mitungi inaisha. Wakaita kwa redio. Wenzao wakaingia kuwafuata, na wanne kati ya hao nao hawakurudi. Jumla sita.

Mlangoni alikuwepo kamanda wao, Mike McNamee. Mbele yake askari wake wanataka kuingia tena, maana waliomo ndani ni ndugu zao wa kazi. Kamanda akasimama pale mlangoni akawazuia. Basi, hakuna tena kuingia. Ilichukua siku nane kuwatoa wote sita kwenye kifusi. Na ndani ya ghala lile hapakuwa na mtu wa kuokolewa. Wale wawili walikuwa wameshatoka zamani.

*Aliyezuia alikosa ujasiri?*

Sasa hapa ndipo penye swali. Walioingia tunawaelewa, kila mtu anawasifu. Je, aliyesimama mlangoni? Mtu anaweza kusema: ajali haina kinga, siku ikifika imefika, angewaacha waingie, kama wameandikiwa kufa watakufa hata wakiwa kitandani.

Kauli hiyo siyo ngeni katika Uislamu, na jibu lake lilishatolewa. Sayyidna Umar (R.A) alikuwa safarini kuelekea Sham pamoja na masahaba. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akapata habari kwamba huko mbele kumeingia tauni. Akashauriana na watu, kisha akaamua kuwarudisha. Abu Ubayda (R.A), sahaba mkubwa, akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Allah. Umar akamjibu kwa maana hii: ndiyo, tunaikimbia kudra ya Allah kwenda kwenye kudra ya Allah. Akampigia mfano wa mchungaji wa ngamia mwenye mabonde mawili, moja lina malisho na jingine kavu. Akilisha kwenye malisho ni kwa kudra, na akilisha kwenye ukavu ni kwa kudra. Lakini mchungaji mwenye akili unajua atakwenda wapi. Baadaye akaja Abdurrahman bin Awf (R.A) na mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W): tauni ikiwa mahali, msiingie, na ikiwakuta mkiwa hapo, msitoke mkikimbia.

Unaona? Kugeuka mlangoni pia ni kudra. Kamanda anayezuia hajatoka kwenye mipango ya Allah, hata asipolijua jina la Umar. Roho za watu wake ni amana mkononi mwake, na amana huwezi kuitumia kulipia huzuni yako. Wale sita hukumu yao iko kwa Mola wao, hatuna la kusema. Sisi tunachukua funzo.

*“Lau” iliyokatazwa*

Baada ya msiba ule wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuja wakauliza: kwa nini? Kwa nini watu sita wamekufa? Hawakuja kumtafuta mtu wa kumfunga jela. Walikuja kuandika mapendekezo. Majengo yaliyotelekezwa yakaguliwe kabla hayajaungua, na yale ya hatari yawekewe kibao nje ili anayefika usiku ajue. Kuwe na kikosi kipya kinachosubiri nje kwa ajili ya kuwaokoa waokoaji. Kuwe na kamba za kuongozea na taa kali kwenye milango ya kuingilia, ili aliyepotea aone njia ya kurudi. Kamera za kuona joto zifikiriwe.

Hapa najua kuna ndugu atasema: “Sheikh, si tumekatazwa kusema *lau*? Lau ningefanya hivi, isingekuwa vile?” Pingamizi hilo ni zito na linastahili jibu. Ni kweli, iko hadithi sahihi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba neno “lau” linafungua mlango wa kazi ya Shetani. Ila tuisome hadithi hiyohiyo tokea mwanzo wake. Kabla ya katazo, Mtume (S.A.W) anamwamrisha Muumini apupie lile lenye kumnufaisha, aombe msaada kwa Allah, na asikae kinyonge. Katazo linakuja baada ya amri hiyo.

Kwa hiyo kuna maswali mawili yanayofanana sura lakini roho zake ni tofauti. Moja linatazama nyuma: “Lau asingetoka nyumbani siku ile!” Hilo halimrudishi mtu. Linakula moyo wako na kukufanya umgombe Mola wako. Jingine linatazama mbele: “Amekufa kwa sababu gani, ili kesho mtoto wa mwenzangu asife hivyohivyo?” Hilo ni kupupia lenye manufaa, yaani sehemu ya kwanza ya hadithi. Shida yetu, jamani, ni kwamba mara nyingi tunaikimbilia sehemu ya pili ili tuikwepe ya kwanza. Tunasema “ni kudra” tukimaanisha “tusiulizane.”

Na mwalimu wetu katika hili ni Mtume (S.A.W) mwenyewe. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Alipoambiwa habari yao, alieleza kwamba moto huu ni adui yetu, akaamrisha tuuzime tunapolala. Hebu litazame hilo vizuri. Hakuna mwenye imani ya kudra kumshinda yeye. Lakini kutoka kwenye msiba ule alitoa maagizo ya usalama, siku zilezile. Hadithi haikututajia majina ya watu wa nyumba ile. Funzo lililotokana nao lina zaidi ya miaka 1,400, na ukizima mshumaa usiku wa leo kabla ya kulala unalifuata.

*Kukumbuka ni kufanya mazoezi*

Wazimamoto duniani wana siku ya kuwakumbuka wenzao, tarehe 4 Mei. Ilianzishwa baada ya watano wa kujitolea kufa kwenye moto wa msituni huko Linton, Australia, Desemba 1998, upepo ulipogeuka ghafla. Wana sherehe zao na kengele zao. Sisi tuna njia zetu: swala ya jeneza, dua, sadaka kwa niaba ya marehemu. Lakini kumbukumbu yao kubwa zaidi haiko kwenye sherehe. Iko kwenye uwanja wa mazoezi.

Kijana anayejifunza kazi hii anazibwa macho, anaambiwa atambae gizani akiufuata mpira wa maji kwa mkono, mpaka vidole vyake vijue kwa kugusa viungo vya mpira ule upande gani ni wa kutokea. Anafundishwa kwamba wakiingia wawili ndani, wawili wabaki nje tayari. Anafungwa kifaa kinachopiga kelele chenyewe akilala bila kusogea. Mengi ya hayo yameandikwa kwa sababu kuna mtu, mahali fulani, hakurudi nyumbani. Anayefanya zoezi lile kwa uvivu amewasahau wenzake, hata kama jana alilia kwenye kumbukumbu yao.

Nasi tuko kwenye mazoezi mwezi huu. Neno *taqwa* lenyewe asili yake ni kujikinga. Tunajizuia na cha halali mchana ili mwili ujue njia ya kutokea siku moshi wa haramu utakapotufunika. Na Mola wetu katika Suratut Tahrim ametuamuru tujikinge na Moto, sisi pamoja na watu wetu wa nyumbani. Vipi mtu awakinge watoto wake na Moto wa Akhera kwa darsa kila siku, halafu awalaze kwenye chumba chenye nondo dirishani na kufuli mlangoni, funguo hajui ziko wapi?

*Sisi tunadaiwa nini?*

Tuna misiba yetu. Agosti 2019, Idd el-Hajj ikiwa mlangoni, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Septemba 2020, wilayani Kyerwa, Kagera, wanafunzi 10 wa shule ya msingi ya Kiislamu walifariki bweni lao lilipoungua usiku. Tuliwaombea, na tuendelee kuwaombea. Imepokewa kwamba aliyekufa kwa kuungua anahesabiwa miongoni mwa mashahidi, na tunataraji hivyo kwao na kwa kila askari wa zimamoto Muislamu anayefia kazini.

Lakini tusiifanye daraja hiyo kuwa kisingizio chetu. Daraja ya shahidi anaitoa Allah. Mtungi wa hewa, mlango wa pili na njia ya gari tunatakiwa kuvitoa sisi.

Basi leo usiku, ukija tarawehe, tazama mambo machache:

1. Gari au pikipiki yako umeiegesha wapi? Gari la zimamoto likiitwa mtaani sasa hivi, litapita? Anayefunga njia kwa sababu anawahi rakaa ya kwanza anawaweka watu hatarini.
2. Mlango wa nyuma wa msikiti una kufuli? Funguo anazo nani, na je, yupo? Mama zetu walioko juu wana ngazi ngapi za kushukia, na viatu havijazijaza?
3. Mtungi wa kuzimia moto upo? Ulikaguliwa lini? Kuna hata mtu mmojawetu anayejua kuutumia?
4. Madrasa na mabweni yetu: watoto wamewahi kufanya zoezi la kutoka usiku, taa zikiwa zimezimwa?
5. Jikoni, hasa wakati wa daku mtu ana usingizi: mafuta ya sambusa yakishika moto usimwagie maji. Zima jiko kama unaweza kulifikia salama, funika sufuria kwa mfuniko, usiibebe kutoka nayo. Ukishindwa, toa watu kwanza. Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, bure. Ihifadhi kwenye simu sasa, kabla hujaendelea kusoma.

Hakuna hata moja hapo linalopunguza imani yako ya kudra. Umechagua bonde lenye malisho, basi. Na ukishafanya yote, kisha Allah akapitisha lake, hapo ndipo “ni kudra” inapotoka mdomoni ikiwa nzito na ya kweli, kwa sababu mwenye kuisema ametimiza upande wake.

Tuombe. Ewe Allah, wasamehe wazazi wetu na maiti wetu, hasa waliokufa kwa moto, kwa maji na chini ya vifusi. Wape subira wajane na yatima wao. Wahifadhi wanaoingia hatarini kwa ajili yetu, warudishe kwa watu wao salama. Tukinge na moto wa dunia na Moto wa Akhera. Na usitufanye miongoni mwa wanaolia juu ya marehemu kisha wakawaachia walio hai hatari ileile. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Mfikishie na mwenzako, na umwoneshe imamu au mjumbe wa kamati namba 2 na namba 3 hapo juu. Kesho in shaa Allah tukutane siku ya 13. Ramadhani Karim 🌙