Mzigo Usioonekana na Mizani Yake

Wazee wetu wa Unyamwezi walijua sana habari ya mizigo. Zamani za misafara, katika njia itokayo Ujiji ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, mpagazi alichukua begani mzigo wa kadiri ya frasila 2, yaani kama ratili 70. Mwenye mali akidanganya katika mizani, bega la mpagazi lilitoa ushuhuda kabla ya kufika kambi ya kwanza.

Lakini uko mzigo mwingine ambao bega halina habari nao, nao ni mionzi. Mionzi hii hutoka angani na katika chakula. Hutoka katika mawe ya matale, kama hayo tuyaonayo huku Tabora, na katika hewa ya nyumba, hasa nyumba isiyopitisha upepo. Wataalamu huihesabu kwa kipimo kiitwacho milisiverti, kwa jina la Rolf Sievert wa Uswidi. Wastani wa watu wa dunia nzima, kwa mionzi ya asili peke yake, ni kama milisiverti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya kifua ya eksirei kwa kawaida haizidi 0.1, yaani kadiri ya ile itupatayo kwa nusu mwezi tukiwa tumekaa tu nyumbani. Basi mgonjwa wa kifua asiikimbie picha kwa hofu. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Hali ya mpiga picha ni nyingine, kwa kuwa yeye yu karibu na mashine kila siku. Kwa hiyo huvaa beji kifuani. Ndani yake mna kipande kidogo cha fuwele kishikacho nguvu ya mionzi. Kikipashwa moto hutoa nuru, na kwa kadiri ya nuru hiyo hesabu hujulikana. Katika nchi yetu kazi hii husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mpaka uliowekwa na wataalamu wa mataifa kwa mfanyakazi ni milisiverti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5.

Nina rafiki afanyaye kazi hiyo. Siku moja nalikuta beji yake imetundikwa msumarini, mbali na mashine. Nikamwuliza sababu. Akajibu, "Mwalimu, hesabu yangu ya mara iliyopita ilipanda. Ikipanda tena nitaondolewa chumbani humu, na posho nitaikosa. Tena beji yenyewe haizuii kitu."

Neno lake la mwisho ni kweli. Beji si ngao, ni shahidi. Lakini je, kwa kuwa shahidi hazuii kosa, yafaa tumfukuze? Dhamiri nayo haimfungi mtu mikono. Humwambia tu kwamba amefika mpakani. Aizibaye mdomo hapati salama. Mionzi iliuingia mwili wa rafiki yangu vilevile, ijapokuwa beji ilisema kidogo. Wala hakujidhuru peke yake, maana hesabu ile ndogo huwaambia wakubwa kwamba kuta na mashine ni njema, na kijana atakayemfuata ataingia chumbani akiiamini.

Walakini si haki kumtwika yeye lawama yote. Mtu akiona kwamba kusema kweli kunamnyima chakula cha watoto, atajaribiwa kusema uongo. Apimaye ana deni kwa apimwaye: amwonyeshe hesabu yake, amweleze maana yake, na ikipanda, kasoro ya ukuta au ya mashine au ya utaratibu itafutwe kwanza, kabla ya kuguswa ujira wake. Hivyo kipimo cha kweli chataka waaminifu wawili, avaaye na asomaye.

Rafiki yangu alinyamaza kitambo. Kisha akaiondoa beji msumarini, akaivaa, akaenda kumweleza mkubwa wake mambo yote. Habari ya posho haijaamuliwa hata leo. Nasi tulio na wakubwa, au tulio wakubwa wa wengine, na tujiulize ni shahidi gani tuliyemtundika msumarini, na ni nani tuliyemtia hofu hata akamtundika wake.